Mtu Akiomba Kufa, Anaomba Nini?

Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni na kasisi wa Kanisa la Kianglikana, Kisian
Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Wewe uliye jikoni ukikoroga uji, wewe dereva uliyefika njia panda ya Kisian ukielekea Busia au Bondo, nawe mgonjwa ambaye redio hii imewekwa karibu na kitanda chako, nasema nanyi nyote. Lakini leo nataka kusema zaidi na huyo wa mwisho, pamoja na wale wanaomwuguza.

Jambo letu la leo ni zito, nalo ni hili linaloitwa kuua kwa huruma. Wataalamu huliita yuthanasia, neno lililotoka katika Kiyunani, na maana yake ya asili ni kifo chema. Mtu ana ugonjwa usiopona, anateseka, kisha daktari au jamaa anamwua kwa makusudi ili mateso yaishe. Liko na jingine lililo ndugu yake, yaani mgonjwa kupewa dawa ya kufisha ili ainywe kwa mkono wake mwenyewe.

Najua wengine watasema, “Kasisi, hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi huku tuna shida ya karo, ya maji na ya malaria.” Ni kweli kwamba sheria za kuruhusu jambo hilo zilianza mbali na hapa. Uholanzi ilianza kutumia sheria yake mwaka 2002, na Kanada mwaka 2016. Huko Uingereza, nchi iliyotuletea wamisionari waliojenga Maseno mwaka 1906, wabunge walipiga kura juu ya mswada kama huo tarehe 29 Novemba 2024. Wabunge 330 waliukubali na 275 wakaukataa. Tarehe 20 Juni 2025 wakaupigia kura tena, 314 kwa 291, ukapita kwao. Mswada huo uliwahusu watu wazima wanaotazamiwa kufa katika muda wa miezi sita.

Lakini, ndugu msikilizaji, swali lenyewe halikungoja bunge lolote. Liko nasi hapa kando ya ziwa siku zote. Linaulizwa usiku wa manane na mtu mwenye saratani ya koo asiyeweza kumeza hata mate yake. Linaulizwa na kijana mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambaye mifupa yake inamwuma mpaka anauma shuka. Tena linaulizwa na watoto wanaomwuguza mzazi wao, kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba: “Je, hatuwezi kumwambia daktari ammalizie tu?”

Basi tusilikimbie swali hili. Tulilete mbele ya Neno la Mungu.

Katika somo letu tunamkuta Eliya, nabii mkubwa, ameketi chini ya mretemu jangwani. Amechoka. Yezebeli ameapa kumwua. Amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, sasa yuko peke yake kabisa. Hapo anamwomba Mungu amtoe uhai, kwa kuwa yametosha. Naye si mtu wa pekee katika Biblia aliyeomba hivyo. Musa aliomba vivyo hivyo mzigo wa watu ulipomlemea. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Yona naye aliona ni heri afe. Kwa hiyo, wewe unayeuguza, ukimsikia mgonjwa wako akisema anataka kufa, usimrukie kwa kumwambia hana imani. Watu wa Mungu wamesema maneno hayo kabla yake, nayo yameandikwa, wala Mungu hakuyafuta.

Sasa tazameni Mungu alivyomjibu Eliya. Hakumpa alichoomba. Lakini pia hakumkemea, wala hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale. Kisha alimtuma malaika, naye malaika akamgusa. Akampa mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya alikula akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa tena, akamwambia ale kwa kuwa safari ni ndefu kupita nguvu zake. Usingizi, chakula, maji, mkono wa kumgusa, na mtu aliyerudi mara ya pili. Hivyo ndivyo mbingu ilivyomjibu mtu aliyeomba kufa.

Mungu alilisikia ombi lililokuwa ndani ya ombi. Mdomo wa Eliya ulisema, “Nife.” Mwili wake ulisema, “Nimechoka, nina njaa, niko peke yangu, naogopa.” Mungu aliujibu mwili huo na woga huo. Hilo ndilo ninalotaka mlishike leo: mtu aombaye kufa mara nyingi sana ana ombi jingine ndani yake, na Kanisa limeitwa kulisikia na kulijibu. Tukisema tu, “Haturuhusu kuua,” kisha tukarudi nyumbani kulala, tumetii nusu ya amri.

Liko na tukio la pili katika Maandiko, nalo ni la kuogofya. Mfalme Sauli alijeruhiwa katika mlima wa Gilboa. Baadaye Mwamaleki mmoja akaja mbio kwa Daudi, akasema kwamba Sauli mwenyewe alimwomba amwue, na kwa kuwa aliona hawezi kupona, akammaliza. Kwa maneno mengine alisema, “Nilimwua kwa huruma, tena kwa ombi lake.” Kweli au uongo, Daudi alimhukumu kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe. Lakini angalieni yule mtu alikuja na nini mkononi. Alikuja na taji la Sauli na kikuku chake, akitazamia zawadi.

Wapendwa, hapa ndipo mimi naogopa sheria ya kuua kwa huruma ikiletwa kwetu. Wengi wana huruma ya kweli, sikatai. Lakini kila asemaye huruma lazima atazamwe mkononi. Huyu ana taji gani? Labda ni hati ya shamba. Labda ni ng’ombe. Labda ni deni la hospitali linalopanda kila siku, nao watoto wamefukuzwa shule kwa karo. Katika nyumba yenye ugomvi wa ardhi, mama mzee anayejua kwamba anaweza kuomba sindano ya kufa, ataanza kujiuliza kama anapaswa kuiomba. Hakuna atakayemlazimisha. Atatazama nyuso za watu wanaomletea uji, naye ataelewa mwenyewe. Haki ya kufa kwa mtu mwenye nguvu yaweza kuwa wajibu wa kufa kwa mtu maskini.

Sheria ya nchi yetu inamlinda mtu huyo. Kifungu cha 26 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, wala asinyimwe uhai kwa makusudi isipokuwa kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Sheria ya Makosa ya Jinai, katika kifungu cha 213, inamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama mgonjwa angekufa kwa ugonjwa wake, iwapo alikiharakisha kifo hicho. Kifungu cha 225 kinasema kumsaidia mtu ajiue kunaweza kumpeleka aliyesaidia kifungo cha maisha. Kwa upande mwingine, mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Nadhani mambo hayo mawili yanakaa pamoja vizuri. Aliyekata tamaa asipelekwe gerezani, apelekwe kwa watu watakaomsaidia. Na yule anayetaka kumsaidia afe, azuiliwe.

Hata hivyo haifai nifiche kwamba katika Kanisa letu wenyewe wako waliofikiri tofauti. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, mtu tuliyempenda wote, aliandika mwaka 2014 kwamba anaunga mkono wagonjwa walio karibu kufa wasaidiwe kufa wakiomba. Mwaka 2016, alipotimiza miaka 85, akasema kwamba hata yeye angependa awe na nafasi ya kuchagua. Alifariki Desemba 2021. Alihuzunishwa sana na jinsi Mzee Nelson Mandela alivyowekwa mbele ya kamera akiwa mgonjwa asiyejiweza. Tutu alikuwa anatetea heshima ya binadamu, jambo alilolitetea maisha yake yote. Si haki kumdharau.

Lakini maaskofu wa Kianglikana kutoka ulimwengu mzima, katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998, waliamua kwamba kuua kwa huruma hakupatani na imani ya Kikristo, wala hakufai kuruhusiwa na sheria za nchi. Mimi nasimama pamoja nao. Heshima ya mtu haipungui anapojikojolea kitandani. Haipungui anaposahau jina la mwanawe. Aliipewa na Mungu aliyemwumba kwa mfano wake, nayo inakaa kwake mpaka pumzi ya mwisho. Mandela alikosewa na waliomwonyesha kama picha. Dawa ya kosa hilo ni kumsitiri mgonjwa, kumfunika shuka, kufunga mlango na kuzima kamera.

Sikilizeni sasa vizuri, maana hapa watu wengi huchanganya mambo. Maaskofu wale wa Lambeth walisema pia kwamba kuacha au kukataa matibabu yaliyopita kiasi si kuua kwa huruma. Kuna tofauti kati ya kumwua mtu na kumwacha afe saa yake ikifika. Mgonjwa ambaye saratani imeenea mwili mzima anaweza kusema, “Daktari, sitaki tena kupasuliwa. Nirudisheni nyumbani.” Hajajiua. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua kwamba mgonjwa ana haki ya kukataa matibabu anayoshauriwa. Jamaa wakiambiwa na madaktari kwamba mashine inavuta pumzi tu bila tumaini lolote, wakakubali iondolewe, hawajaua. Nasema hili kwa sababu wako watu wanaonisikia ambao wamebeba mzigo huo miaka mingi. Baba yako alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, daktari akawaeleza, mkatia sahihi. Tangu siku ile unajiona mwuaji. Ndugu yangu, wewe si mwuaji. Mlimwachilia mikononi mwa Mungu. Weka mzigo huo chini leo.

Hali kadhalika dawa ya maumivu. Wakristo wengine huogopa kwamba mgonjwa akipewa mofini, kisha akafa siku ya pili, ni dawa iliyomwua. Muuguzi anayepima dawa kwa kadiri ya maumivu, akikusudia kuyatuliza, hakusudii kuua. Kilichomwua mgonjwa ni ugonjwa wake. Wengine husema Bwana Yesu alikataa mvinyo uliotiwa manemane pale msalabani, kwa hiyo nasi tuvumilie. Yeye alikataa kwa ajili ya kazi aliyoifanya mara moja kwa ajili yetu sote. Hakumwamuru mwanadamu mwingine akatae. Tena Mithali 31 inaagiza kileo apewe mtu aliye karibu kupotea, ili asahau taabu yake. Maandiko hayakumwonea haya mtu anayetafuta nafuu.

Katika kuzungukia wagonjwa nilifika kwa mjane mmoja, katika milima iliyo juu ya Kisian. Alikuwa na saratani ya koo. Aliponiona aliniambia kwa shida, “Mwanangu, niombee nife.” Wanawe watatu walinipeleka kando chini ya mwembe. Mkubwa akasema, “Pasta, tuambie kweli. Ni dhambi tukimwomba daktari amdunge sindano apumzike?” Nilimwuliza mama analala saa ngapi kwa siku. Hawakujua. Hakuna aliyekuwa amelala naye chumbani kwa majuma matatu, kwa sababu hawakuweza kustahimili kilio chake. Dawa aliyokuwa nayo ni vidonge vile vya kichwa tunavyonunua dukani, naye hakuweza kuvimeza.

Siku ya tatu muuguzi wa hospisi alikuja na chupa ya mofini ya maji. Akawafundisha wana kumpimia, kidogo kidogo mdomoni, kila baada ya saa nne. Akawapa na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Wale wana wakagawana zamu za usiku. Baada ya siku chache mama alilala usingizi. Akaomba uji mwepesi. Akawaita wanawe, akawaonyesha mpaka wa shamba, ugomvi uliokuwa umewatenga miaka sita, nao wakasikizana mbele yake. Nilipofika mara nyingine, hakuniambia nimwombee afe. Alisema, “Mwanangu, leo niombee wajukuu.” Aliishi wiki tano, akafa asubuhi moja mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkubwa wake, yule aliyeuliza habari ya sindano.

Hizo wiki tano zingekuwa wapi kama tungelijibu ombi la kwanza bila kulisikia lile la pili?

Mama Cicely Saunders, Mwanglikana aliyekuwa muuguzi, kisha mtumishi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua hospisi ya St Christopher’s huko London mwaka 1967. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya namna nne pamoja: ya mwili, ya mawazo, ya jamaa na ya roho. Mjane wetu alikuwa nayo yote manne. Koo lilimwuma. Aliogopa usiku. Wanawe waligombana. Tena alijiona Mungu amemwacha. Chupa ya mofini ilitibu moja, nalo lilifungua mlango wa kutibu yale matatu.

Kazi hiyo imeingia kwetu pia. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi hapo, alikwenda Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Huko Uganda, mwaka 2004, sheria ilirekebishwa ili wauguzi waliofundishwa kazi hiyo waruhusiwe kuandika mofini, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache. Hapa Kenya kuna chama cha hospisi cha taifa, nayo Kisumu ina hospisi yake. Mofini imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1977. Ile ya maji hutengenezwa kwa unga na maji, wala si dawa ya matajiri. Hata hivyo mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilieleza katika taarifa yake juu ya watoto wagonjwa wa Kenya kwamba hospitali nyingi za serikali hazikuwa na mofini ya kunywa. Watoto walilia, na dawa ya bei ndogo haikuwako. Tukumbuke kwamba Sheria ya Afya ya 2017, katika kueleza haki ya afya, imetaja huduma ya kutuliza mateso pamoja na ile ya kuponya. Ni haki yako kuiulizia.

Wako wengine wanaosema, “Lakini huyu hana tumaini tena, amekwisha.” Watu wa Nyanza tuwe wa mwisho kusema hivyo upesi. Tunakumbuka miaka ya 1990, Ukimwi ulipokuwa unazika vijana wetu kila Jumamosi. Tuliwatazama waliokonda tukasema wamekwisha. Kisha mwaka 2001, huko Homa Bay, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya serikali, na katika miaka iliyofuata dawa zikaenea. Watu waliobebwa kwa mikokoteni walirudi nyumbani kwa miguu. Baadhi yao leo ni wazee wa kanisa, na wengine ni bibi wa wajukuu. Simaanishi kwamba kila ugonjwa utapata dawa kesho. Namaanisha kwamba sisi si wenye kujua siku ya mtu.

Wala sitasema kwamba mofini humaliza kila teso. Yako maumivu yanayoshinda dawa, na ziko siku ambazo muuguzi mwenyewe hulia. Yuko na mgonjwa asiye na maumivu makali, ila amechoka kuwa mzigo. Kwa huyo sina chupa ya kumpa. Nina neno hili tu: wewe ulimbeba mwanao mgongoni, hukumwita mzigo. Mruhusu sasa akubebe. Paulo aliwaambia Wagalatia wachukuliane mizigo, na mtu hawezi kumtii Paulo kama hakuna anayekubali kubebwa.

Nimesema juu ya mswada wa Uingereza na sheria za Uholanzi. Sasa niseme juu yetu, maana ni rahisi kukemea dhambi ya nchi ya mbali. Sisi hatuna sindano ya kufisha, lakini tuna njia zetu. Mzee anapougua kwa muda mrefu, wageni hupungua. Chakula chake huja baridi. Kitanda chake huhamishwa chumba cha nyuma kwa ajili ya harufu. Watu husema mbele yake, kana kwamba hasikii, “Huyu naye amechelewa.” Kisha anapokufa, hema hukodishwa, basi hutoka Nairobi, fahali huchinjwa, picha yake kubwa huchapishwa kwa rangi. Kamati ya mazishi hukaa kila jioni na mchango hupatikana. Ndugu zangu, fedha hizo zilikuwa wapi mwezi uliopita, alipohitaji nauli ya kwenda hospitali kuu ya Kisumu, ile tunayoizoea kwa jina la Russia? Wale watu mia tatu walikuwa wapi usiku alipoogopa? Kumheshimu maiti ni vyema, na mila yetu ya kuzika watu wetu nyumbani ina upendo ndani yake. Lakini malaika alimletea Eliya mkate angali hai.

Kwa hiyo naomba kila kanisa linalonisikia lifanye mambo matatu. La kwanza, mwe na kitabu chenye majina ya wagonjwa walio nyumbani, na zamu ya kuwatembelea, si ya mchana tu. Akina mama wamebeba kazi hii peke yao muda mrefu. Akina baba na vijana nao wakeshe. Mkifika, msihubiri kwanza. Ulizeni amelala? Amekula? Anaumwa wapi? Mguseni.

La pili, mwe na mfuko wa wagonjwa kabla ya mfuko wa mazishi. Hata shilingi kidogo kila Jumapili hutosha kumpeleka mtu hospisi na kumrudisha.

La tatu, wazee wa kanisa waende katika zahanati na hospitali iliyo karibu nao, waulize kwa adabu kama mofini ya kunywa ipo. Ikiwa haipo, waulize kwa nini, wamwulize na mjumbe wao katika bunge la kaunti. Anayepinga kuua kwa huruma asipodai dawa ya maumivu, anamwambia mgonjwa akae katika moto, kisha anaondoka.

Nawe mgonjwa, uliyeisikiliza sauti yangu mpaka sasa, nina neno lako. Mungu hakukasirika kwa sababu umetamani kufa. Mweleze hivyo hivyo, bila kupamba maneno. Kisha mwambie na mtu: mwambie mwanao, muuguzi au kasisi wako mahali panapouma, na kile unachokiogopa usiku. Usijifiche kwa sababu ya kuwahurumia. Saa yako ya kwenda ikifika, utakwenda, wala hakuna atakayekufungia mlango kwa mashine. Lakini mpaka saa hiyo ungali mtu wetu. Bwana Yesu aliyelia bustanini akawaomba rafiki zake wakeshe naye, anaijua hamu ya kutoachwa peke yako. Wao walilala. Yeye hasinzii.

Tuombe.

Ee Bwana, mtoaji wa uhai, tunakuletea wote wanaolia usiku huu katika nyumba zetu, kutoka Kisian mpaka visiwa vya ziwa. Watulize maumivu yao. Watie nguvu wauguzi, na wale wana na binti wanaoshinda macho. Waponye waliobeba hatia isiyo yao. Tusamehe sisi tuliokuja mazishini bila kuja kitandani. Tufanye kuwa mikono ya malaika wako, wenye mkate na maji, nasi turudi hata mara ya pili. Na saa yetu itakapofika, utupokee kwa amani, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki. Kwaherini.